Kalamu na Karamu

Wahenga walituachia methali isemayo heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwalimu akitufunza maana yake hutuambia kwamba dole hupona, lakini neno baya likishatoka kinywani halirudi. Mpenzi msomaji, mimi sina ugomvi na wahenga. Ila hapa shuleni kwetu Molo kuna kujikwaa kwa aina nyingine ambako wahenga hawakukutaja, na ambako huwanyima wengi usingizi. Sisi wanafunzi hukuita kushrabu. Mtu anataka kusema hivi, ulimi wake unasema vile, na kabla hajamaliza sentensi ukumbi mzima umekwisha kuangua kicheko.

Katika makala haya nataka kueleza kushrabu ni nini, hutoka wapi na hurekebishwa vipi. Nataka pia kueleza kwa nini chama chetu cha Kiswahili kiliamua kwamba anayecheka ana kosa kubwa kuliko anayeteleza. Naandika nikiwa mtu aliyecheka, kisha akachekwa. Kwa hivyo usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mti.

MJADALA WA IJUMAA

Kwa msomaji asiyeijua Molo, huu ni mji mdogo ulio juu kabisa, penye baridi kali, viazi na pareto. Asubuhi ukungu huwa mzito hata huwezi kuona milingoti ya goli kutoka mlango wa bweni. Wanafunzi wetu hutoka Turi, Elburgon, Kuresoi, Keringet na kwingineko. Nyumbani kwao huzungumzwa Kikuyu, Kipsigis, Ekegusii, Dholuo, Kiluhya na lugha nyinginezo. Kengele ikilia alfajiri sote huamka na kukimbilia maji baridi yale yale, huku kila mmoja akilalamika kimoyomoyo kwa lugha ya mama yake.

Siku ya Jumatano saa kumi jioni ni zamu ya vyama, na Ijumaa alasiri ni mjadala. Mjadala wa Kiswahili huendeshwa hivi: Spika huketi mbele na karani wake, na kando yake huketi mtunza wakati mwenye kikengele. Upande mmoja huunga hoja mkono na upande wa pili huipinga. Kila msemaji hupewa dakika nne. Baadaye watu walioketi ukumbini hupewa nafasi ya kuchangia, na mwishowe kura hupigwa. Ukitaka kumkatiza msemaji sharti usimame na kusema, "Hoja ya taarifa, Mheshimiwa Spika." Hiyo ndiyo sheria. Lakini vicheko havina sheria, hutoka tu.

Niliingia kidato cha kwanza Januari 2024, katika kundi la mwisho la watahiniwa wa KCPE. Katika muhula wa pili wa mwaka huo tulikuwa na mjadala kuhusu shule za bweni na za kutwa, ipi bora. Mwenzangu mmoja, ambaye alilala kitanda cha juu nami nikalala cha chini, alikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kutwa. Kijana huyu alikuwa bingwa wa insha. Alikuwa ameandika hoja zake kwenye karatasi mbili na kuzikariri usiku kucha akitumia tochi chini ya blanketi. Alisimama, akakohoa kidogo, akaanza kwa kishindo:

"Mheshimiwa Spika, silaha ya mwanafunzi ni karamu! Mwanafunzi akiwa na karamu, awe bwenini awe nyumbani, atafaulu!"

Basi bwana, ilikuwa saa tisa na nusu na tumbo langu lilikuwa likinguruma. Sikungoja kusema hoja ya taarifa. Nilipaza sauti kutoka nyuma, "Karamu ya wapi? Ya githeri?" Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza, wengine wakashika mbavu. Spika alipiga rungu lake mpaka akachoka. Mwenzangu alibaki amesimama ameshika karatasi zake mbili, kisha akaketi kabla ya kengele. Dakika tatu zake zilibaki bure.

Tangu siku hiyo hakusema tena. Mwalimu akimwuliza swali darasani alijibu, "Sijui," ilhali sisi sote tulijua kwamba anajua. Alimwendea katibu wa chama akaomba jina lake lifutwe. Usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani juu yangu, nami nikajiambia ati ni baridi.

ZAMU YANGU

Malipo ni hapa hapa duniani. Wiki mbili hazikupita nami nikapewa kuongoza maombi ya Jumapili jioni. Kwetu ni upande wa Kuresoi na lugha yangu ya kwanza ni Kipsigis. Nilisimama mbele ya shule nzima nikiwa nimevaa tai, nikasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Ndugu zangu, kabla ya kuomba, sote tupige koti."

Nilikusudia goti. Lo! Mmoja aliyeketi mbele akakung'uta koti lake kwa mikono miwili, pa! Wa pili akafanya vivyo hivyo. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa unapiga makoti, na mimi nimesimama mithili ya mlingoti wa bendera. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipotazama safu za nyuma nilimwona mwenzangu wa kitanda cha juu. Yeye peke yake hakuwa akipiga koti. Alikuwa amepiga goti.

Jambo hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

MWALIMU MLEZI ATUFUNGUA MACHO

Jumatano iliyofuata nilimwuliza mwalimu mlezi wa chama kwa nini ulimi wangu unanifanyia hivi, ilhali kichwani najua kabisa kwamba neno ni goti. Alituambia sote tuweke vidole kooni na tutamke p, kisha b. Kwa sauti ya p koo lilinyamaza. Kwa sauti ya b lilitetemeka. Tukafanya t na d, kisha k na g. Ikawa vivyo hivyo. Sauti kama b, d na g huitwa ghuna, na zile za p, t na k huitwa sighuna. Mdomo na ulimi hufanya kazi ile ile katika kila jozi. Kinachotofautiana ni mtetemo wa koo peke yake.

Sasa, katika Kikalenjin mtetemo huo hautofautishi maneno. Koo huweza kutetemeka au kunyamaza kulingana na sauti zilizo jirani, na maana ya neno haibadiliki hata kidogo. Kwa hivyo mtoto anayekua nyumbani kwetu hajifunzi kuulinda mtetemo huo, kwa kuwa hauna kazi. Akifika shuleni anaambiwa kwamba goti na koti ni vitu viwili tofauti, na kwamba dua si sawa na tua. Sikio lake halijazoea kusikia tofauti hiyo, na kinywa hakiwezi kulinda kitu ambacho sikio halikisikii.

Mwenzangu naye ana kisa chake. Katika Kikuyu hakuna sauti l. Ipo r peke yake. Ukiyatazama maneno ambayo Kikuyu kimeazima utaona kwamba l imegeuzwa r, na kalamu yenyewe huitwa karamu. Kwa hivyo siku ile mbele ya Spika hakukosa neno. Alilitaja neno la nyumbani kwao badala ya neno la Kiswahili, na kwa bahati mbaya Kiswahili kina karamu yake, ile ya pilau.

Ni hivyo hivyo kwa wenzetu wa Dholuo. Lugha yao haina sh wala z, ndiyo maana shule huweza kuwa sule na zawadi ikawa sawadi. Mwanafunzi wa Kibukusu akisema "takika" badala ya dakika, ni kwa sababu katika lugha yake d na g husikika zikiwa zimeandamana na sauti ya pua, kama vile nd na ng. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeteleza ovyo ovyo. Kila utelezi una kanuni yake, na ukiijua lugha ya mama ya mtu unaweza kubashiri atateleza wapi.

Kisha mwalimu akatuuliza swali lililotunyamazisha. "Je, Kiswahili chenyewe hakishrabu?" Tukacheka, tukadhani anatania. Akaandika ubaoni neno la Kiarabu, qalam. Waswahili walipolipokea neno hilo, sauti ya q ya Kiarabu haikuwako katika lugha yao, wakatia k. Tena maneno ya Kibantu hayapendi kuishia kwa konsonanti, wakaongeza u. Likawa kalamu. Wareno wakaja na mesa, ikawa meza. Wajerumani wakaja na Schule, ikawa shule. Hakuna anayemcheka Mswahili kwa hayo. Tunaambiwa ni utohozi, tunayakariri kwa ajili ya mtihani na kupewa alama. Basi Mwarabu alisema qalam, Mswahili akasema kalamu, Mkikuyu akasema karamu. Ni safari moja ya neno moja. Kwa nini hatua ya pili iitwe utohozi na ya tatu iitwe ushamba?

Nao wale tunaodhani ndio wenye Kiswahili chao, yaani watu wa pwani, hawasemi mamoja. Katika Kimvita cha Mombasa njia ni ndia, jana ni yana na chungwa ni tungwa. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa na lahaja ya Unguja ikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hivyo hata mtoto wa Mombasa, ambaye amekilalia na kukiamkia Kiswahili, huingia darasani akajifunza kuandika njia. Sote ni wanafunzi.

GHALI NA GHOROFA

Siku hiyo mwenzangu alikuwa amekuja, ingawa jina lake lilikuwa limefutwa. Alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu aliandika maneno matano: ghali, ghorofa, lugha, dhahabu, ghadhabu. Akatwambia tuyasome kwa zamu. Salaala! Mmoja akasema gali. Mwingine akasema zahabu. Mimi ghorofa yangu ilitoka korofa. Hata kiranja wa Kiswahili, ambaye hujiona mjukuu wa Shaaban Robert, alisema gazabu.

Mwalimu akamwita yule wa mlangoni. Akayasoma yote matano moja kwa moja, safi kama maji ya mtungini. Alipoulizwa amejifunzia wapi, akasema hajajifunza. Ni sauti za nyumbani. Herufi g ya Kikuyu hutamkwa kama gh, na ile th wanayoiandika hutamkwa kama dh ya dhahabu. Kumbe mtu tuliyemcheka kwa kukosa l alikuwa amebeba gh na dh tangu utotoni, na sisi wengine tulikuwa tukizikwepa miaka yote hiyo bila kuchekwa na mtu, kwa kuwa tulizikosa sote pamoja.

"Mwalimu wenu wa gh ndiye huyu," mlezi akasema, akaketi.

KWA NINI SI MZAHA

Huenda msomaji akasema, "Acheni utoto, kicheko hakiui." Nilidhani hivyo pia. Likizo ilipofika nilimsimulia nyanya yangu kisa cha karamu nikitarajia acheke. Hakucheka. Aliniambia kwamba watu wa huku wamewahi kusikilizana kwa makini sana jinsi wanavyotamka maneno, na haikuwa kwa mzaha. Sehemu hizi za Molo zilikumbwa na mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, majirani wakahama. Nyanya akasema, "Mtu akifungua kinywa ulijua kwao ni wapi. Usianze tena mchezo wa kumsikiliza mtu ili ujue ni wa kabila gani."

Sikuwa na la kujibu. Sisi wa siku hizi hatukuyaona hayo kwa macho. Lakini tunalala bweni moja, watoto wa waliokimbia na watoto wa waliobaki. Kicheko cha ukumbini humwambia mtu kwamba kabla ya hoja yake tumesikia kabila lake. Baada ya hapo hatasema tena, na shule ya watu wasiosemezana ni jambo la kuogofya katika mji kama huu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinalitaka taifa likuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Hivyo hatuambiwi tuchague. Kiswahili kimewekwa ili mtoto wa Kuresoi na mtoto wa Turi wapate mahali pa kukutania. Tukikifanya kuwa rungu la kupigana vichwa tutakuwa tumekiharibu.

TUNAVYOFANYA CHAMANI

Je, basi tuache kila mtu aseme apendavyo? La hasha! Kuna mateleza ya kurekebishwa. Maneno yanayokaribiana kwa matamshi huitwa vitate, na ukiyachanganya maana hupotea: kula na kura, mahali na mahari, shindano na sindano, dua na tua. Tena atamkaye vibaya mara nyingi huandika vibaya, na katika insha mtahini hakuoni wala hajui kwenu ni wapi. Anaona kosa la hijai. Kwa hivyo tuna dakika kumi za ulimi mwanzoni mwa kila mkutano. Mambo yenyewe ni haya, nawe unaweza kuyajaribu bwenini:

Kwanza, sikia kabla ya kusema. Mwenzako asome vitate viwili huku umempa mgongo, nawe unyoshe kidole cha kulia au cha kushoto kuonyesha ametaja kipi. Mimi mwanzoni nilikosa nusu nzima. Hapo ndipo nilipoamini kwamba ugonjwa ulikuwa sikioni.

Pili, jua kiungo kinachofanya kazi. Kwa l, ncha ya ulimi hukaa kwenye ufizi wa juu na hewa hupita pembeni, ndiyo maana huitwa kitambaza. Kwa r, ncha hupigapiga pale pale kwenye ufizi, nayo huitwa kimadende. Anayezichanganya aubane ulimi pale juu, avute llll kwa muda, kisha aachilie: la, le, li, lo, lu. Kwa b, d na g weka kidole kooni mpaka usikie mtetemo. Kwa sh, rudisha ulimi nyuma kidogo kuliko s.

Tatu, vitanza ndimi. Tulijitungia vyetu wenyewe. Mwenzangu ana chake: "Lori la Lela limelala Londiani likilemewa na limau." Mimi nina changu: "Baba wa Daudi alibeba debe la dengu hadi dukani Bomet." Kinasemwa polepole kwanza. Haraka haraka haina baraka, hata kwa ulimi.

Nne, ni sheria ya chama. Anayemcheka aliyeteleza husimama na kutamka maneno matatu ya lugha ya mama ya yule aliyemcheka, mpaka mwenye lugha aridhike. Mimi nimewahi kusimama robo saa nzima nikihangaika na Githunguri. Tangu tutunge sheria hiyo vicheko vimepungua sana, na wengi sasa wanajua kuamkiana kwa lugha nne au tano.

MWISHO WA KISA

Mwenzangu alirudishiwa jina lake katika daftari la chama. Sisemi amepona kabisa. Akikasirika au akiharakisha, lori bado huwa rori. Mimi nikiwa na usingizi bado napiga koti. Lakini katika mjadala wa mwisho wa mwaka huo wa 2024 alisimama tena, msemaji wa kwanza, ukumbi ule ule, Spika yule yule. Sote tulinyamaza, na mimi moyo wangu ulikuwa ukidunda kuliko wake. Akasema:

"Mheshimiwa Spika, muhula uliopita nilisema silaha ya mwanafunzi ni karamu. Leo narekebisha. Silaha ni kalamu. Lakini tukiitumia vizuri, karamu pia tutakula!"

Watu walicheka, na safari hii yeye ndiye aliyeanza. Alitumia dakika zake nne zote mpaka kengele ikalia. Upande wake ulishindwa kwa kura chache, na aliporudi kitini alikuwa bado anatabasamu.

Shime wenzangu, mkutano ni kila Jumatano saa kumi jioni. Njoo na ulimi wako ulivyo. Ukiwa na sauti ambayo sisi hatuna, utatufunza.